Kushuka Tanga Kutafuta Riziki: Kijana wa Milimani Ajiulize Nini?

(Mada iliyotolewa baada ya sala ya Adhuhuri mbele ya vijana na wazazi wao, mjini Lushoto)



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeifanya milima kuwa vigingi vya ardhi na akaufanya mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira, pamoja na aali zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Amma ba'ad.

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu, mama zetu, na hasa nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango kana kwamba basi la Tanga linawasubiri hapo nje: mada tuliyopewa leo inawahusu. Kila mwezi katika misikiti yetu tunaombwa dua kwa ajili ya kijana anayesafiri. Tunaomba dua, tunampa mkono wa kheri, na anashuka. Lakini ni mara chache sana mtu kutufuata kabla ya kuuza mbuzi wake na kutuuliza: huko ninakokwenda kuna kazi gani, na mimi nina nini cha kuwapa watu wa huko hata wanilipe? Swali hilo ndilo tunalotaka tulijibu leo kwa kadiri ya elimu aliyotujaalia Allah (S.W.).

Tumeichagua Tanga kwa makusudi. Dar es Salaam ina mambo yake na inastahiki mada yake. Moshi, Arusha na Morogoro wapo ndugu zetu walioko huko, na mengi tutakayoyasema yanawahusu pia. Ila Tanga ndio mji wa mkoa wetu, umekuwa jiji tangu mwaka 2005, na ni mji wa kadiri: una bandari, una viwanda, na bado mtu anaweza kuuvuka kwa baiskeli akawahi sala ya jamaa. Ni safari ya kilomita 150 hivi kwa kupitia Soni, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza. Kwa hiyo mtu huiona ni karibu, na kwa kuiona ni karibu huacha kufikiri.

Tuanze na hukumu, kwa sababu wapo masheikh wetu ambao kila wakiwaona vijana wanahama huwakemea kana kwamba wametoka katika dini. Hilo si sahihi. Allah (S.W.) ameidhalilisha ardhi kwa ajili yetu na akatuamrisha tutembee katika pande zake na tule katika riziki yake (67:15). Ametuambia pia kwamba sala ya Ijumaa ikimalizika tutawanyike tutafute fadhila zake (62:10). Anayehama kwa ajili yake ameahidiwa kupata mahali pengi pa kukimbilia na wasaa (4:100). Hivyo basi kuhama kwa ajili ya chumo la halali ni jambo la halali, na kwa mwenye watoto wanaolala na njaa huenda likawa ni wajibu. Tunachokikataa sisi ni kuhama bila hesabu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipohama kwenda Madina hakuondoka kwa kubahatisha: alikuwa na mwenzake wa safari, alikodi mwongoza njia aliyezijua njia, wanyama wa kupanda waliandaliwa mapema, na huko alikokwenda alikuwa na watu waliomwekea ahadi. Ikiwa mbora wa viumbe alijiandaa namna hiyo, kijana wa Mlola au wa Mtae ana udhuru gani?

Shambaai na Nyika

Wazee wetu waliigawa nchi sehemu mbili: Shambaai, yaani huku juu kwenye baridi na migomba, na Nyika, yaani huko chini kwenye joto na homa. Msambaa alishuka Nyika kulima au kuuza, kisha akapanda kurudi nyumbani. Kulala huko hakukupenda, na alikuwa na sababu, maana malaria ya tambarare ilimuua mtu wa mlimani upesi kuliko ilivyomuua mwenyeji. Hilo halijaondoka. Aliyekulia katika baridi mwili wake haujazoea malaria, na wiki za mwanzo za mji hupotea kitandani. Chukueni vyandarua. Huu si upungufu wa tawakkul, bali ni kumfunga ngamia kwanza kama Mtume (S.A.W.) alivyoelekeza.

Ilikuja serikali ya Wajerumani ikautaka mlima utoe vibarua. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto yetu ya leo, ulianzishwa utaratibu wa kipande: kila mwanamume mwenye nguvu alilazimika kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Wakati huohuo mkonge, ulioletwa kutoka Florida mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulikuwa unaenea katika tambarare za Tanga na Korogwe. Wazee wetu hawakuupenda. Mashamba ya mkonge yalilazimika kuleta manamba kutoka mbali, Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji, ilhali sisi tulikuwa tunayaona mashamba hayo tukiwa tumekaa kilimani.

Tunayakumbusha haya kwa sababu watu husema kwamba Msambaa hapendi kazi. Si kweli. Msambaa alikuwa na shamba, na mwenye shamba hauzi siku zake kwa bei ya kutupa. Yule manamba aliyetoka mbali alikuwa hana pa kurudi mpaka mkataba wake uishe, kwa hiyo alikubali alichopewa. Tofauti baina ya wawili hawa haikuwa katika nguvu za mwili. Yupo aliyekuwa na kitu nyuma yake na yupo ambaye hakuwa nacho. Mlishike hili, tutalirudia tutakapofika kwenye mashamba.

Leo hali imebadilika. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao 420,000 katika wilaya yetu, na ile ya mwaka 2012 ikahesabu zaidi ya 490,000, Bumbuli ikiwemo. Katika sensa hiyohiyo ya 2012 jiji zima la Tanga lilikuwa na watu wapatao 273,000. Maana yake ni kwamba mlima ulikuwa na watu wengi kuliko mji tunaoutegemea utupe kazi. Mashamba yamegawanyika mpaka mtoto wa nne wa marehemu hupewa matuta machache kwenye mteremko. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro, wakulima waliishi miaka kadhaa majani yao yakikomaa shambani bila ya mnunuzi. Kwa hiyo hatuwalaumu vijana wanaoangalia chini.

Tanga ina kazi gani?

Baba zenu walioiona Tanga ya miaka ya 1970 watawaambia kuwa ni mji wa viwanda. Walikuwa wakisema kweli kwa wakati wao. Kulikuwa na kiwanda cha mbolea kilichoanza mwaka 1972, kulikuwa na chuma, mbao, magunia, sabuni. Kiwanda cha mbolea kikafungwa mwaka 1991, na vingine vingi vikafuata njia hiyo wakati wa kubinafsisha na kufungua milango ya biashara. Mkonge nao, uliofikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka nchini katika miaka ya mwanzo ya 1960, ulikuwa umeanguka chini ya tani 40,000 katika miaka ya 1990. Kijana anayeshuka leo kwa kutegemea hadithi ya baba yake anashuka kwenye mji ambao haupo.

Mji uliopo una saruji na chokaa, kwa kuwa mawe ya chokaa ya Pongwe na Maweni hayajaisha. Una kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa katika miaka ya 1990 na wafugaji wadogo kupitia ushirika wao. Una bandari, ambayo serikali imetumia zaidi ya shilingi bilioni 429 kuichimba kina na kuijengea gati la mita 450. Una Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Agosti 2017.

Vijana wakisikia bandari na bomba hujiona wameshaajiriwa. Tufikiri kidogo. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na shehena ikashushwa kwenye matishari kisha ikashushwa tena nchi kavu. Mzigo mmoja uliguswa na mikono mara mbili. Sasa meli inafunga gatini na winchi inashusha moja kwa moja. Mizigo imeongezeka, naam, lakini kila mzigo unahitaji mikono michache kuliko zamani, na mikono inayohitajika ni ile inayojua kuendesha mtambo, kuandika nyaraka za forodha, kuchomelea, kutengeneza injini. Bomba ni vivyo hivyo. Kulijenga kunaita watu wengi kwa muda mfupi. Kuliendesha kunahitaji watu wachache kwa muda mrefu, na wachache hao ni wenye vyeti. Anayeshuka akiwa na mabega tu atapata kibarua, na kibarua huisha.

Basi tufanye hesabu ya kibarua. Viwango hivi ni vya mfano, kila mmoja aweke vya kwake baada ya kuulizia. Tuseme chumba Makorora au Mabawa ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Hiyo ni shilingi 180,000 kabla hujalala usiku mmoja. Tuseme kibarua ni shilingi 8,000 kwa siku, na katika mwezi umebahatika kuitwa siku 16. Umepata 128,000. Chakula, ukijibana, shilingi 4,000 kwa siku, kwa siku 30 ni 120,000. Ongeza kodi 30,000. Jumla ni 150,000, na wewe umepata 128,000. Kila mwezi unadaiwa 22,000, bado hujanunua sabuni, hujaumwa, na mama yako huku juu anangojea simu.

Hesabu hii hubadilika ikiwa una ndugu wa kukuhifadhi miezi mitatu ya mwanzo. Hubadilika sana ikiwa una ufundi. Fundi uashi, fundi umeme, fundi wa kuchomelea hangoji kuitwa siku 16, na siku yake huwa na bei nyingine. Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma akafuma deraya, na Mtume (S.A.W.) amemsifu kwamba alikula katika kazi ya mikono yake. Tunawashangaa wazazi wanaouza ng'ombe ili mtoto akatafute maisha, na ng'ombe huyohuyo hawakuwa tayari kumuuza alipe ada ya chuo cha ufundi. Tanga ipo VETA. Kijana aliyeshuka kwenda kusoma ufundi amehama kwa namna bora kuliko aliyeshuka kwenda kusimama kwenye geti la kiwanda saa kumi na moja alfajiri.

Masharti kabla ya jasho

Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan alikuwa mgeni, amechoka, hana kitu. Tazameni alivyofanya katika Suratul-Qasas. Kwanza alionekana na watu akifanya kazi: aliwanyweshea mifugo wale mabinti wawili bila ya kudai malipo, kisha akakaa kivulini akamuomba Mola wake. Ndipo binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Yule mzee hakumwambia aanze tu kazi kisha wataelewana. Alitaja muda, miaka minane, na kumi kama Musa atapenda mwenyewe, akataja malipo, akasema hataki kumtaabisha. Musa akakubali kwa kutaja masharti upya, na wakamfanya Allah kuwa shahidi (28:22-28).

Huo ni mkataba wa kazi uliokamilika, umo ndani ya Qur'an, nasi tunapeleka vijana mjini wakafanye kazi kwa neno la utaona mwisho wa mwezi. Sheria ya nchi pia iko upande wenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Katika NSSF mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haizidi nusu yake. Muulizeni mwajiri maswali haya kwa adabu siku ya kwanza. Mwajiri akikasirika kwa kuulizwa atalipa lini, amekwishakujibu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na Waislamu wenye maduka na malori mlio hapa mjue kuwa amri hiyo iliwahusu nyinyi kabla ya kumhusu mwenye kiwanda.

Mabinti

Hapa tutasema kwa uwazi, na mwenye kukasirika atusamehe. Milima yetu imekuwa na sifa mijini, na sifa hiyo ni kutoa mahausigeli. Anakuja mwanamke aliyevaa vizuri, anaitwa shangazi ingawa hakuna anayejua ukoo wake, anakaa na mama jikoni, anaacha shilingi kidogo na doti ya khanga, na asubuhi anaondoka na binti wa miaka kumi na miwili. Baba anapewa namba ya simu. Baada ya miezi miwili namba haipatikani.

Sheria ya mwaka 2004 tuliyoitaja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inamhusu huyo shangazi, na huenda ikamhusu baba aliyepokea pesa. Tukiacha sheria za nchi, tutamjibu nini Allah (S.W.) kuhusu amana hiyo? Tumewasikia watu wakilalamikia hijabu ya binti wa chuo kikuu, na watu haohao wamempeleka mtoto wao alale katika nyumba ya mwanamume wasiyemjua jina.

Kwa binti aliyekwishakuwa mtu mzima, mwenye haja ya kweli na ridhaa yake mwenyewe, kazi ya nyumbani si aibu. Lakini walii wake aende aione nyumba. Ajue nani wanalala humo na binti atalala wapi. Mshahara utajwe na utiwe mkononi mwake yeye, si wa shangazi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na mwaka 2025 serikali imetangaza amri mpya iliyopandisha viwango. Ulizeni ofisi ya kazi kiwango kinachotumika kabla ya binti kuondoka. Awe na simu yake na nauli ya kurudia, ambayo haishikwi na mtu mwingine. Na kama binti ana akili ya masomo, basi dada zetu wa ushonaji na wauguzi wanahitajika mno, na cherehani haihitaji alale kwa mtu.

Shamba lisiwe nauli

Tulisema tutarudi kwenye mashamba. Jambo linalotuumiza kuliko yote katika kuhama huku ni kijana kuuza sehemu yake ya bonde ili apate mtaji wa kwenda mjini. Mara nyingine anauza kabla mirathi haijagawanywa, yaani anauza na cha dada zake. Hii ni dhulma. Allah (S.W.) amewawekea mabinti fungu lao katika Suratun-Nisaa (4:11), na ile ada ya kusema kwamba mwanamke ataolewa kwingine kwa hiyo hana shamba huku haina nafasi mbele ya aya hiyo. Mirathi igawanywe kwanza, kila mwenye haki apewe, kisha kila mmoja aamue kuhusu chake.

Na wewe uliyepata chako, usikiuze. Kikodishe, au mwachie ndugu alime kwa makubaliano yaliyoandikwa. Bonde lenye maji ya mfereji linalotoa kabichi na karoti mara mbili au tatu kwa mwaka halirudi likishauzwa. Atakayelinunua ni mtu wa mjini, na mwanao atakuja kulilima kama kibarua. Mwenye shamba nyuma yake husimama mbele ya mwajiri kama mzee wake alivyosimama mbele ya mkonge. Asiye na shamba husimama kama manamba.

Tunapendekeza safari ya majaribio. Subiri miezi ambayo shamba halina kazi nyingi, shuka kwa mwezi mmoja, fikia kwa ndugu, uliza bei, fanya kibarua, hesabu. Ukirudi hakuna atakayesema umeshindwa, maana uliaga kuwa unakwenda mwezi mmoja. Wengi wa wanaoteseka mjini hawazuiwi na kukosa nauli ya kurudi. Wanazuiwa na haya, kwa sababu walipoondoka walichinjiwa kuku na kijiji kizima kikasindikiza.

Nionyesheni soko

Muhajirina walipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha undugu na Ansari. Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) aliunganishwa na Sa'd bin Rabi' (R.A.), tajiri wa Madina, naye akajitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimuombea baraka katika mali na watu wake, akamtaka jambo moja tu, amwonyeshe liliko soko. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa. Siku ileile alirudi na faida ya samli na maziwa makavu. Haukupita muda mrefu akaoa, akatoa mahari ya dhahabu, na Mtume (S.A.W.) akamwambia afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Tukumbuke kuwa Madina ya wakati huo ulikuwa mji wa kadiri, wenye mitende na masoko machache, na wageni wengi waliowasili kwa pamoja bila kazi. Hali yao haikutofautiana sana na ya kijana anayeshuka kituo cha mabasi cha Tanga.

Abdur-Rahman alitoka Makka, mji wa wafanyabiashara, kwa hiyo aliulizia kitu alichokijua. Sisi tunajua nini? Tunajua viazi, karoti, kabichi, hoho, nyanya, matunda ya baridi ambayo pwani haiyaoti. Nendeni soko la Mgandini mtazame mboga zinatoka wapi. Kisha mtazame nani anazimiliki zikishafika. Mkulima wa Lukozi au wa Malindi anauza shambani kwa dalali, dalali kwa mwenye lori, mwenye lori kwa mtu wa jumla, na kila mkono unachukua kitu. Kijana wetu anayekwenda Tanga kupanga mstari kwenye geti ameuacha nyuma mnyororo huo wote, na pete kadhaa za mnyororo huo angeweza kuzishika yeye: ana kaka anayelima, anajua mboga ipi imevunwa na mvua na itaoza kesho, anajua lugha ya mkulima. Watatu wakikaa mjini kwenye meza za soko na watano wakabaki shambani, wakaandikiana na wakaaminiana, hiyo ni kazi kwa watu wanane. Hawakuajiriwa na yeyote.

Lakini soko lina mtihani wake, nao unaitwa lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu kama mlima wa pili, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza jambo hili, na kabla ya sheria hiyo ipo Suratul-Mutaffifin iliyoanza kwa kuwatishia adhabu wanaojikamilishia kipimo wakipokea na kuwapunguzia watu wakitoa (83:1-3). Tunawalalamikia wanunuzi kutoka nje kwa lumbesa. Je, kijana wetu akiwa yeye ndiye mnunuzi, atanunua kwa kilo? Asiponunua kwa mizani, atakuwa amebadilisha mdhulumu tu, na safari hii mdhulumu ni mtoto wa jirani.

Mtaji utoke wapi? Hapa wengi wanaangamia. Kuna mikopo ambayo wenyewe mmeipa jina la kausha damu, na jina limeeleza kila kitu. Riba ni haramu iwe kwa benki, kwa simu au kwa jirani. Milango ya halali ipo. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, basi jisajilini, na aliye katika kikundi ajue kuwa deni ni deni hata kama mkopeshaji ni serikali. Zipo pia taratibu za benki za Kiislamu, na tangu mwaka 2011 ipo Amana Bank inayofuata sharia kikamilifu.

Tumeulizwa sana kuhusu bodaboda za mkataba. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi 2,800,000, na wewe unapewa kwa kulipa 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 60. Utalipa 3,600,000. Wengi katika wanazuoni wanajuzisha bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu, kwa sharti kwamba muuzaji anaimiliki pikipiki anapokuuzia, na bei imekatwa siku ya mkataba na haibadiliki. Likiwemo sharti kwamba ukichelewa siku moja deni linaongezeka, hiyo nyongeza ni riba. Na likiwemo sharti kwamba ukishindwa wiki ya 58 unanyang'anywa na yote uliyolipa yamepotea, usitie saini mpaka umemwonyesha mwenye elimu. Wengi hutia saini wakiwa wamesimama, ufunguo uko mkononi.

Mambo ya mwisho ni ya utekelezaji. Anayetaka kushuka Tanga achukue barua ya utambulisho kutoka kwa imamu wa msikiti wake na ya serikali ya kijiji, na kitambulisho cha taifa. Bila ya hivi mwajiri mzuri hatamsikiliza na mbaya atafurahi. Afikapo, msikiti wa mtaa uwe mahali pa kwanza kujulikana. Mji una darsa nyingi, na watu wanaokuona katika safu ya Alfajiri kwa mwezi mzima ndio watakaokudhamini dukani.

Baada ya sala ya Alasiri leo tutakaa kwenye ukumbi wa madrasa. Wenye nia ya kushuka kabla ya msimu ujao waje na wazazi wao, waandike majina, ujuzi walionao na mahali watakapofikia. Ndugu zetu walioko Ngamiani na Makorora wamekubali kupokea wachache kwa miezi ya mwanzo, kwa sharti kwamba kila mmoja awe ameaga kwao na hajauza shamba. Wenye malori ya mboga nao tunawaomba wasiondoke, tuna maneno nao kuhusu mizani.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.